Usiku au mchana? Hesabu ya ndege za mabomu ambazo hazikurudi

Juni 22, 2025, ndege 7 za Marekani aina ya B-2 zilidondosha mabomu kwenye vituo vya nyuklia vya Iran usiku wa manane. Zote zikarudi nyumbani salama. Ukiona hivyo unaweza kudhani kazi ya ndege za mabomu ndivyo ilivyo: kwenda, kudondosha, kurudi.

Kihistoria, hapana.

Turudi Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilianza kwa kushambulia mchana. Desemba 18, 1939, ndege 22 aina ya Wellington zilifika pwani ya Ujerumani karibu na Wilhelmshaven. 12 zikapotea, yaani zaidi ya nusu. Baada ya vipigo vya namna hiyo, Waingereza wakahamia usiku.

Giza liliwaficha, lakini liliwapofusha pia. Uchunguzi wa serikali yao mwaka 1941 ulionyesha kuwa kati ya ndege zilizodai kupiga shabaha, ni 1 tu kati ya 3 iliyofika ndani ya kilomita 8 za shabaha hiyo. Kiwanda hukioni usiku, ila mji mzima huwezi kuukosa. Ikawa ni miji inayopigwa, na watu waliolala humo. Hamburg peke yake, Julai 1943, walikufa makumi ya maelfu.

Na hilo giza lenyewe halikudumu. Wajerumani waliweka rada kwenye ndege zao za kivita. Usiku wa Machi 30 kuamkia 31, 1944, Uingereza ilituma ndege 795 kwenda Nuremberg, mbalamwezi ikiwaka. 95 hazikurudi.

Wamarekani wao walibaki na mchana. Imani yao ilikuwa kwamba B-17 nyingi zikiruka kwa kushikamana, bunduki zao zingelindana bila msaada. Oktoba 14, 1943, ndege 291 zilitumwa Schweinfurt kupiga viwanda vya beringi. Ndege za kuwasindikiza ziliishia njiani maana mafuta hayakutosha kufika mbali. Wajerumani walisubiri zigeuke, ndipo wakaingia kazini. B-17 60 zikaanguka, kila moja na watu 10 ndani.

Kilichowaokoa Wamarekani ni Mustang, ndege ya kivita yenye matangi ya ziada ya mafuta, iliyoweza kusindikiza hadi Berlin na kurudi.

Sasa hebu piga hesabu kidogo. Tuseme kila shambulio linapoteza ndege 4 kati ya 100. Kwenye taarifa ya jioni hiyo namba ni ndogo, hata ofisa anaweza kuisoma bila kukunja uso. Lakini askari wa Uingereza alitakiwa kwenda mara 30 ndipo apumzishwe. Ukianza na ndege 100, mara ya 30 zimebaki kama 29 hivi. Kwa mtu aliyemo ndani, asilimia 4 maana yake ni hiyo. Kati ya wanajeshi kama 125,000 walioruka na kikosi cha mabomu cha Uingereza, 55,573 walikufa.

Baadaye makombora ya rada yakaharibu kabisa faida ya giza. Desemba 1972, Marekani ilipiga Hanoi usiku kwa siku 11 ikapoteza B-52 15. Ndiyo maana B-2 iliundwa iwe ngumu kuonekana kwenye rada, saa yoyote.

Ila Juni 1, 2025, wiki 3 tu kabla ya shambulio la Iran, Ukraine ilichoma ndege za mabomu za Urusi zikiwa zimeegeshwa, mchana kweupe, kwa droni zilizofichwa kwenye malori. Ukraine ilitaja ndege 41. Picha za setilaiti zilionyesha chache kuliko hizo. Lakini hata hizo chache zinauma, kwa sababu Tu-95 na Tu-22M zilizopigwa siku ile Urusi haizitengenezi tena.