Joto Linalopotea Nalo ni Mali



Huko Arusha Chini, kusini mwa Moshi, kiwanda cha sukari cha TPC huchoma makapi ya miwa na kupata mvuke unaozungusha mitambo ya umeme. Taka imegeuka nishati. Je, joto hafifu linalobaki katika mabomba ya moshi na maji ya kupozea ya viwanda halifai kitu?

Linafaa. Ziko kemikali zinazochemka kwa joto dogo kuliko maji. Mvuke wake huzungusha mtambo, kisha hupozwa na kurudi mwanzo. Olkaria, nchini Kenya, mitambo ya namna hiyo ilianza kazi mwaka 2000. Mwaka 2006, huko Chena, Alaska, umeme ulipatikana kwa maji ya chemchemi yenye nyuzi joto 74 tu.

Hata hivyo tusidanganyike. Joto la chini ya nyuzi 100 kwa kawaida halitoi umeme hata sehemu moja ya kumi ya nishati yake, na mtambo ni ghali. Chemchemi yetu ya Chemka, iliyo vuguvugu tu, isimfanye mtu atoe mchango kwa ahadi za haraka.

Basi, mradi ukiletwa Bomang'ombe, viongozi wa jumuiya waulize: joto ni nyuzi ngapi? Maji ya kupozea yatatoka mfereji upi? Nyaya zitafika nyumba ya nani?

Kristo aliagiza vipande vya mikate vikusanywe, kisipotee kitu. Lakini umati ulikuwa umekwisha kushiba.