Nani Angemweka Romário Benchi?

Aprili 2024 mshambuliaji wa zamani wa Brazil, Romário, akiwa na miaka 58, alitangaza kurudi uwanjani kuichezea America ya Rio de Janeiro katika daraja la pili la ligi ya jimbo. Rais wa klabu hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Mwanawe, Romarinho, alikuwa mchezaji hapo hapo. Na huko Brasília, baba mtu alikuwa seneta. Dunia ya soka ilichekelea: mkongwe kagoma kutundika daluga! Mimi sikuona cha kuchekelea. Ulikuwa uamuzi mbaya, na ubaya wake wala hauko kwenye umri.

Watetezi wake wana lao. America ilikuwa timu ya marehemu baba yake, Edevair, na mwaka 2009 Romário aliwahi kuivaa jezi hiyo kwa ajili ya mzee. Jina lake huleta kamera. Tena alisema ni mechi chache tu. Haya, tumewasikia.

Tuangalie alikopita. Vasco da Gama, PSV, Barcelona, Flamengo, Valencia, Fluminense, kisha Al-Sadd ya Qatar, Miami na Adelaide. Alikuwa na makeke kila kona, lakini juu yake daima alikuwepo mwenye kauli ya mwisho. Desemba 1992 alilalamika kuwekwa benchi dhidi ya Ujerumani. Kocha Parreira akamfungia mlango wa timu ya taifa hadi Septemba 1993, Brazil ilipobanwa na kumhitaji dhidi ya Uruguay. Akafunga mabao yote mawili Maracanã, na mwaka uliofuata akabeba Kombe la Dunia. Mwaka 2002 nchi nzima ilimlilia kocha Scolari amchukue. Scolari akakataa, akarudi na kombe.

Sasa pale America, kocha gani angemwambia hapana? Kocha huyo alikuwa ameajiriwa na mshambuliaji wake. Akimpanga, angeonekana anajipendekeza; akimwacha, kesho yake angeingia ofisini kwa nani kuomba mkataba mpya? Na yule straika wa miaka 19 anayepasha misuli pembeni, akiona rais anavua koti avae jezi, angelalamika wapi?

Linalonikera zaidi ni kwamba Romário analijua hili kuliko sisi sote. Mapema 2008 alikuwa mchezaji na kocha wa Vasco. Rais wa klabu, Eurico Miranda, akamwingilia kwenye upangaji wa kikosi, akitaka kijana Alan Kardec acheze. Romário akaachia ngazi ya ukocha. Na alikuwa na haki kabisa! Rais hapangi timu. Ilikuwa kanuni alipoonewa yeye. Alipokaa yeye kwenye kiti, kanuni ikayeyuka. (Huyu ndiye aliyesherehekea bao la 1,000 mwaka 2007 kwa hesabu yake mwenyewe, mabao ya ujanani na ya kirafiki yakiwemo. Kujisimamia hakujaanza leo.)

Kama shida ilikuwa kumuenzi mzee Edevair, angeandaa mechi ya kirafiki, acheze dakika zote 90, apige na penalti zote. Kwenye ligi angemwachia kocha karatasi ya kikosi, na asingeomba kuiona kabla haijabandikwa ukutani.