Fedha za Kampeni Zitangazwe Kabla ya Kura

Muumini atoapo sadaka hadai stakabadhi, maana anamtolea Mungu. Lakini nguvu ya sadaka ikiisha kuingia katika kampeni ya kura, hesabu yake yapasa ijulikane na kila mpiga kura. Fundisho hilo tunalipata katika filamu "8: The Mormon Proposition", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani Januari, 2010.

Filamu hiyo yahusu kura ya maoni ya tarehe 4 Novemba, 2008, katika jimbo la California, iliyoamua kwa asilimia 52 kwamba katiba ya jimbo izuie ndoa za watu wa jinsia moja. Mabishano ya ndoa hizo siyo hoja yetu leo. Hoja yetu ni fedha. Pande zote mbili kwa pamoja zilitumia zaidi ya dola milioni 80. Mwezi Juni mwaka huo, barua ya viongozi wakuu wa Kanisa la Wamormoni, lenye makao yake Utah, ilisomwa makanisani ikiwahimiza waumini watoe mali na muda wao.

Waumini waliochanga kwa majina yao waliandikishwa, na aliyetaka kuyasoma majina hayo aliyasoma. Kasoro ilikuwa katika mchango wa Kanisa lenyewe, hasa muda wa kazi wa watumishi wake. Sheria ilitaka michango ya siku za mwisho itangazwe katika saa 24. Haikutangazwa. Januari, 2009, kura zikiwa zimekwisha kuhesabiwa, taarifa ya Kanisa ilionyesha mchango wa karibu dola 190,000. Juni, 2010, tume ya jimbo ililitoza faini ya dola 5,539, nalo likalipa.

Watakuwapo watakaosema kwamba kiasi hicho ni tone katika bahari, na kwamba watengenezaji wa filamu walikuwa na upande wao. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, taarifa ifikayo baada ya kura haimfai tena mpiga kura. Wahenga walinena: mkono mtupu haulambwi. Mwananchi asiyejua ni mkono gani ulioshika fedha, atajuaje ni nani atakayelambwa kesho?

Nchini Tanzania, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inavitaka vyama na wagombea watoe hesabu za fedha zao. Sheria hiyo haina budi kutekelezwa bila kujali kama mtoaji ni tajiri, kampuni, msikiti au kanisa. Walimu na watumishi wa serikali, ambao wengi wao husimamia vituo vya kura, wana wajibu wa pekee wa kuwaeleza wananchi jambo hili. Dini iheshimiwe na waumini wawe huru kusema. Lakini atakayeingia uwanja wa siasa, aingie mchana, na mfuko wake ukiwa wazi.