Themostati Haina Kosa, Irudisheni

Kuanzia Tura, kupita Tabora mjini hadi Urambo, kwenye njia ileile waliyopita wapagazi wa Bagamoyo na Ujiji, trekta kuukuu likichemsha mafundi wengi wana dawa moja: “Toa themostati. Hiyo ni ya Ulaya kwenye baridi, huku kwetu joto lipo.” Mwenye trekta anaitikia, themostati inatupwa, kazi inaendelea. Imani hii ni potofu, na inatumalizia injini.

Tuanze na hilo joto linalosingiziwa. Mchana wa Oktoba, mwezi mkali kuliko yote Tabora, hewa hufika nyuzi 32 au 33. Themostati ya matrekta kama Massey Ferguson 135 hufunguka maji yakikaribia nyuzi 80. Hapo katikati kuna karibu nyuzi 50, na hakuna jua la Unyamwezi linaloweza kuzijaza. Injini lazima ijipashe yenyewe, na themostati ndiyo inayoyazuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla ya wakati. Joto likitimia, inafunguka yenyewe.

Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi. Dizeli haiungui yote. Nyingine inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili na kuingia kwenye sampu. Oili inakuwa nyepesi, ringi na slivu zinalika. Tena zipo injini zenye njia ya pembeni ya maji, ambayo themostati huiziba inapofunguka. Humo, kuitoa ni kuiacha njia hiyo wazi, maji ya moto yarudi kwenye bloku bila kupita kwenye rejeta. Dawa inazidisha ugonjwa.

Mbona basi imani haifi? Kwa sababu mshale wa geji hushuka papo hapo na fundi akasifiwa. Madhara huja taratibu, trekta likianza kula oili na kugoma kuwaka asubuhi. Wakati huo nani atakumbuka themostati?

Mkosaji mara nyingi yuko nje, anaonekana kwa macho. Chungulia rejeta ya trekta lililotoka porini: mapezi yamezibwa na mbegu za nyasi na vumbi lililogandishwa na oili. Mkanda wa feni umelegea. Mfuniko wa rejeta umekufa mpira, au umepotea na mahali pake pamekaa tambara lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hapa Tabora tambara hilo ni balaa zaidi kuliko Tanga. Tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96. Mfuniko mzima huyabana, na kila paundi moja ya shinikizo hupandisha kiwango hicho kwa takriban nyuzi moja na nusu.

Sikatai, themostati nayo hufa. Ikikwama imefungwa, injini itachemsha kweli, na kuitoa ili ufike nyumbani si dhambi. Lakini isihukumiwe bila kupimwa. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, kisha washa jiko. Joto la kufunguka limegongwa kwenye chuma chake. Maji yakifika hapo vali itaanza kunyanyuka. Ikibaki imefunga hadi maji yatokote, nunua nyingine.

Urambo ilishalipia ubishi wa namna hii. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ulileta matrekta bila kuiuliza ardhi. Sisi ardhi tunaijua; mashine ndiyo hatutaki kuiuliza.

Basi ndugu mwenye trekta, kabla fundi hajashika spana muulize: rejeta umeisafisha? Mkanda umeukaza? Mfuniko umeukagua? Kama hana jibu, usimlipe. Na kama themostati yako ilishatupwa, irudishe kabla mvua za Novemba hazijakuita shambani.