Leza ya kukata konea ni nzuri, lakini konea zenyewe ziko wapi?

Ukitaja leza na macho, wengi hufikiria watu wanaotaka kuachana na miwani. Kuna kazi nyingine isiyozungumzwa sana: kukata konea ya mtu aliyefariki ili ipandikizwe kwa mgonjwa aliye hai. Mimi si daktari, naandika programu tu, lakini jambo hili limenishika siku kadhaa na nina maoni yangu.

Konea ni ile sehemu angavu iliyo mbele ya jicho, unene wake kama nusu milimita. Eduard Zirm ndiye aliyefaulu kwanza kuipandikiza, mwaka wa 1905, katika mji wa Olomouc ulioko Jamhuri ya Cheki ya leo. Mgonjwa wake alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Njia ya kawaida haijabadilika mno: kisu cha mviringo, mfano wa kibati cha kukatia biskuti, kinatoa kipande kibovu, kisha kizima kinashonwa mahali pake. Kidonda hupona polepole, na nyuzi zikivuta upande mmoja kuliko mwingine konea hupinda na mgonjwa huona vitu vimepindapinda.

Hapo ndipo leza ya femtosekunde ilipoingia. Femtosekunde kwa sekunde moja ni kama sekunde moja kwa miaka milioni 31 na ushei! Mbinu ya kutengeneza mapigo mafupi yenye nguvu hivyo ilibuniwa na Gérard Mourou na Donna Strickland mwaka wa 1985, nao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2018. Mwanga hupita ndani ya konea bila kuidhuru, hukutana kwenye nukta moja na kuacha kiputo kidogo. Panga viputo maelfu bega kwa bega, umepata mkato. Umbo la mkato linatoka kwenye programu, kwa hiyo waweza kuchagua la kofia, la uyoga au la msumeno, ukakata konea ya marehemu na ya mgonjwa kwa vipimo vinavyolingana. Vipande vinashikana jinsi seremala anavyounganisha mbao. Sikatai, nilipenda sana.

Ila matokeo si ya kushangilia hivyo. Uponaji ulionekana bora miezi ya mwanzo, lakini kadiri muda ulivyosonga tofauti na kisu ilipungua. Kwa wagonjwa wanaohitaji tabaka la nyuma peke yake, leza ilipata taabu zaidi, na sababu yake mwandishi yeyote wa programu ataielewa. Mashine ilipima kina kutoka upande wa mbele, wakati kipande kinachotakiwa ni cha nyuma. Konea ni nene zaidi pembeni, na ile iliyohifadhiwa huwa imevimba. Ukiikandamiza kwa kioo upande wa nyuma unakunjika. Leza ikafuata maagizo sawasawa, na kipande kikatoka na unene usiolingana na uso wa kukwaruza. Wako waliojaribu kuigeuza konea na kukata kutoka nyuma. Wakati huohuo Mholanzi Gerrit Melles alikuwa ameonyesha, mwaka wa 2006, kwamba utando wa nyuma unaweza kubanduliwa kwa mkono na kupandikizwa wenyewe. Hapana leza hapo, ni koleo ndogo na subira.

Ninachokipenda kuliko mashine yenyewe ni mahali pa kazi. Marekani benki za macho hukata tishu mapema na kumtumia daktari ikiwa tayari. Ni kama kukompaili kwenye seva moja na kuwagawia wengine faili iliyokamilika. Kipande kikiharibika, kimeharibikia benki, mgonjwa hajalala mezani.

Sasa tuje nyumbani. Keratokonasi, ugonjwa unaochongoa konea, huwapata vijana wetu wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba duniani watu milioni 12.7 walikuwa wakisubiri konea, na kwamba ilipatikana moja kwa kila 70 zilizohitajika. Kenya tumezoea kuletewa kutoka ng'ambo, na hatuzikwi na macho machache kuliko watu wa Sri Lanka, ambao wamekuwa wakizigawia nchi nyingine tangu miaka ya sitini. Watu husema mila. Mimi nadhani wengi hawajawahi kuulizwa, wala hawajui kwamba uso wa marehemu haubaki umeharibika.

Kwa hiyo nikisikia hospitali fulani inatafuta mamilioni ya leza nashangaa. Kwanza waajiriwe watu wa zamu ya usiku katika hospitali kuu, waliofunzwa kuongea na waliofiwa, maana konea inatakiwa itolewe saa chache baada ya kifo. Wapewe gari pia. Leza, kama bado inahitajika, inunuliwe moja tu, ikae benki.