Kericho si majani chai tu, muulize Chebet

Ukiskia Kericho unawaza chai, sivyo? Hebu ngoja kidogo, msee.

Mei 2024, Beatrice Chebet, binti wa Londiani, alikimbia mita 10,000 pale Eugene, Marekani, kwa dakika 28:54.14. Hakuna mwanamke alikuwa amewahi kushuka chini ya dakika 29. Agosti akabeba dhahabu mbili Paris. Julai 2025 akarudi Eugene, mita 5,000 akamaliza kwa 13:58.06. Rekodi tena!

Na hii si bahati. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya kwa Olimpiki, shaba ya mita 800 Tokyo 1964, ililetwa na Wilson Kiprugut Chumo. Kwao? Kericho.

Sasa ngori iko hapa. Mzee alituacha 2022, na leo uwanja wa Kericho unaitwa jina lake. Poa. Lakini uwanja huo ulipigwa msasa juu ya sherehe za Mashujaa 2023. Je, bila sherehe ungeguswa?

Miguu ya mwanariadha haikai miaka mingi. Dogo anayekimbia kando ya mashamba ya chai Litein anahitaji traki leo, si jina kwa geti kesho. Ama wewe unaonaje?