Kamba Pekee Haimshushi Majeruhi

Mwezi wa Septemba 1970, daktari kijana kutoka Austria alianguka karibu na kilele cha Batian, katika Mlima Kenya, mahali palipo zaidi ya meta 5,000 juu ya usawa wa bahari, akavunjika mguu vibaya. Wapanda milima wa kujitolea waliokuwa wakiishi Kenya walimfikia na kumtunza katika baridi kali. Rubani wa helikopta iliyokwenda kusaidia alipoteza maisha yake mlimani. Hatimaye kikosi cha waokoaji kilisafirishwa kwa ndege kutoka Innsbruck, nacho kikamshusha majeruhi kwa kamba, angali hai, zaidi ya wiki moja baada ya ajali.

Ushujaa ulikuwapo kwa pande zote. Lakini kikosi kile cha mwisho kilikuja na kitu kingine zaidi ya ushujaa, yaani mikono iliyokwisha kuzoea kazi hiyo katika majabali ya kwao, kabla hajatokea mgonjwa wa kushushwa.

Siku hizi wafanyao kazi juu si wapanda milima tu. Wapo mafundi wa minara ya simu, waashi wa maghorofa, wapaka rangi. Nao hawana wiki moja ya kungojea. Fundi aliyezirai akabaki akining'inia wima katika mkanda wake wa usalama, bila kuisogeza miguu, damu yake hutuama miguuni. Moyo hupungukiwa na damu ya kusukuma, na ubongo hukosa oksijeni. Hatari hiyo yaweza kuanza katika dakika chache. Gari la zimamoto lililo katika mji mwingine halimfai kitu. Awezaye kumfaa ni mwenzake aliye chini ya mnara ule ule, iwapo amefundishwa.

Wako wadhanio kwamba yatosha kununua kamba imara. Hilo ni kosa, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kulithibitisha. Tuseme majeruhi, mwokozi na machela vina uzito wa kilo 200, navyo vinaning'inia katikati ya kamba mbili zilizofungwa pande mbili. Pembe baina ya kamba hizo ikiwa nyuzi 60, kila kamba hubeba kama kilo 115. Ikiwa nyuzi 120, kila moja hubeba kilo 200 kamili, kana kwamba nyingine haipo. Ikiwa nyuzi 150, ni kilo 386; na ikifika nyuzi 170, kamba zikiwa karibu kunyooka, kila moja huvutwa kwa zaidi ya kilo 1,100. Mzigo haukuongezeka hata kidogo. Aliyezifunga ndiye aliyeuongeza mvutano, pengine akiamini kuwa kamba iliyokazwa sana ndiyo salama zaidi. Mizani mbili za springi, uzi na jiwe vyatosha kulionyesha jambo hili darasani, na mwalimu atakayelionyesha kwa mfano wa machela hatasahauliwa upesi.

Kapi nalo lina mtego wake. Mzigo wa kilo 200 ukishikiliwa na watu walio chini, kwa kamba ipitayo katika kapi moja lililofungwa juu, mahali lilipofungwa kapi hilo huelemewa na karibu kilo 400. (Mabaharia wa majahazi, wapandishao foromali kwa henza na gofia, wanaujua uzito huo kwa mabega yao bila ya hesabu.)

Hata hivyo hesabu ya ubaoni haimfundishi mtu kufunga fundo gizani, wala kuizuia kamba isisagike kwenye ukingo wa zege, wala kuilaza machela sawasawa ilhali mgonjwa analia kwa maumivu. Hayo huja kwa kurudia, na kurudia hula siku za kazi. Ndiyo sababu waajiri wengi huona ni nafuu kununua vifaa na kuvifungia stoo. Fundi asipande mnara mpaka ijulikane ni nani atakayebaki chini, na ni lini mtu huyo alipofanya zoezi la kumshusha mwenziwe kwa mara ya mwisho. Ikiwa ni mwaka uliopita, basi zoezi lirudiwe asubuhi hiyo, kabla kazi haijaanza.